Kapita Alitupa Konje

Kabla ya kumwona ulimsikia akikohoa. Hakuwa mgonjwa. Kukohoa ilikuwa namna yake ya kubisha hodi mahali ambapo yeye ndiye mwenye mlango. Ukiwa umekaa vibaya ulijirekebisha, ukiwa unamsengenya mtu ulifunga mdomo, na ukiwa unamsengenya yeye mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi yetu, uliinamia kitambaa ukacheka puani.

Jina alikuwa nalo, na nadhani mkewe alilijua. Sisi tulimwita Kapita. Kwetu kapita ni msimamizi wa wafanyakazi: juu yake Mzungu mwenye kazi, chini yake sisi, na yeye katikati akichukua maneno ya huku kuyapeleka kule. Karakana yetu ilikuwa Uvira, upande wa ziwani, kwenye njia ya kwenda bandarini. Wanaume walikalia mashine za kukanyaga kwa miguu wakishona kaki, makoti na kaptula za watu wa mashamba ya pamba kule bondeni Ruzizi. Sisi wanawake tulikaa kwenye mikeka kando ya ukuta, tukishona matundu ya vifungo kwa mkono, kazi tuliyofundishwa na masista. Tundu la kifungo ni kitu ambacho hakuna anayekitazama mpaka kichanike. Mimi ujana wangu uliishia humo.

Ninamkumbuka mtu huyu kwa aibu, na ni bora niseme hivyo mapema. Kuna aibu yangu, kuna yake, na kuna ile tuliyopata pamoja sote siku moja kama mvua. Kwa miaka mingi nilidhani ninajua ipi ni ya nani.

Suruali yake ilipigwa pasi hata siku ambazo sisi hatukuwa na sabuni. Kofia aliivua kwa Mzungu na kwa maiti tu. Katika mfuko wa shati ilikaa kalamu, na sikumwona hata siku moja akiandika nayo. Alikuwa fundi kabla ya kuwa msimamizi, tena fundi mzuri, lakini alipopewa ukapita aliiacha sindano kama mtu aliyeacha pombe, na hakupenda kukumbushwa. Akipita nyuma yetu alichukua koti, akaliinua kwenye mwanga wa mlango, akaanza.

“Weye mama, hii ni tundu ao ni dirisha? Butoni itapita na kaka yake!”

Hiyo ya kifungo kupita na kaka yake tuliisikia mpaka tukawa tunaitumia majumbani. Mtoto akiacha mlango wazi, tulimwuliza kama anamngoja kaka wa kifungo. Rafiki yangu Feza, aliyekaa mkeka mmoja nami na ambaye hakuumbwa kunyamaza, alikuwa akimjibu Kapita palepale: “Kaka yake naye ni butoni, Kapita. Abaki inje juu ya nini?” Kapita aligeuka haraka, tusimwone akicheka.

Mtu mkali, ndiyo. Lakini mkali wa ajabu. Mzungu alikataza watoto wachanga karakanani, na Kapita alitutangazia katazo hilo kwa sauti iliyotikisa mabati. Kesho yake mzaliwa wangu wa kwanza alilala ndani ya kapu la vipande vya kaki, na Kapita akapita karibu na kapu mara nyingi bila kuona kitu. Ndipo nilipoelewa kile kikohozi kilikuwa cha nini: Mzungu akitokea kwa nyuma, Kapita alikohoa kwanza, nasi tukafunika kapu. Siku moja mtoto alilia Mzungu akiwa amesimama katikati ya nyumba. Kapita alipatwa na kikohozi ambacho sijasikia mfano wake. Alikohoa akishika ukuta, machozi yakimtoka, mpaka mtoto akanyamaza kwa mshangao. Mzungu akamtuma hospitali akaangaliwe kifua. Alikwenda kweli, akarudi na chupa ya dawa, na dawa hiyo akainywa mbele yetu bila kukunja uso mpaka ikaisha.

Lakini utu wake wote aliuweka kwenye Kifaransa. Baadhi ya wanaume wa mashine walikuwa mafundi kumshinda, na wengine walimzidi umri. Aliyesimama mbele ya Mzungu na kuelewa alikuwa yeye. Alibana visigino. “Oui, monsieur. Parfaitement, monsieur.” Yaani ndiyo bwana, barabara kabisa bwana. Kisha akatugeukia na kutoa Kiswahili kirefu. Wakati mwingine Mzungu alisema neno fupi na Kapita akahubiri, nasi tukaona Kifaransa ni lugha iliyokunjwa vizuri na Kapita ndiye anayejua kuikunjua. Siku moja Mzungu alisema kitu, Kapita akatuambia tufagie. Tukafagia kwa bidii. Mzungu akarudi, akasimama katika vumbi akitushangaa, kisha akaenda mwenyewe kufungua madirisha. Tulisema Wazungu wana tabia zao.

Jioni, akirudi kwao Kasenga, aliwaamkia watu njia nzima: bonjour huku, bonjour kule, na Feza aliapa kwamba alimsikia akimwamkia mbuzi. Tulicheka, lakini watoto wetu walipokuwa wakubwa kidogo tuliwaambia wasome wawe kama Kapita. Hilo nalo ni kweli na sitaki kulificha.

Uhuru ulipokuja, kila mtu alikuwa na lake alilotegemea. Wengine walisema hakuna tena kazi ya kuamriwa. Wengine walisema nyumba za Wazungu zitagawanywa. Mimi nilitegemea kukaa kwenye kiti, kwa sababu mkeka ulikuwa umenimaliza kiuno. Zilipita sherehe, zikapita fujo za mwanzo, na Mzungu wetu, ambaye wengi walidhani atakimbia, hakukimbia. Alileta mashine.

Ilishuka bandarini ndani ya sanduku la mbao na moteri yake ya mafuta. Moteri ikafungwa nyuma ya nyumba, mashine ikawekwa karibu na mikeka yetu. Kazi yake ilikuwa moja, matundu ya vifungo. Ulisukuma koti chini ya mdomo wake, ikanguruma kidogo, na tundu likawa tayari, limeshonwa pande zote na kukatwa katikati. Tuliizunguka kama watu waliokuja kumwona bibi arusi. Sitasema tuliichukia. Ilikuwa nzuri. Feza, aliyelowesha uzi kwa mate maisha yake yote, alisema, “Ona, inatafuna na haina hata mate.” Mimi nilitazama vidole vyangu vilivyotobolewatobolewa na sindano nikavificha kwenye kitenge, na nakumbuka hiyo ilikuwa aibu ya kwanza, ndogo, ambayo sikujua ni mlango wa nyingine.

“Masini hii imekuja kubasaidia,” Kapita alitwambia. Tulimwamini. Alionekana kuyaamini mwenyewe.

Kisha asubuhi moja Mzungu alitusimamisha wanawake wote. Alisema maneno machache bila kututazama usoni. Katikati ya maneno yale nilishika moja, na wenzangu walilishika pia, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuingia katika Kiswahili chetu. Konje. Konje tuliijua, ndiyo likizo. Ni ile ambayo Mzungu alikwenda nayo kwao Ulaya akarudi na mashavu mekundu. Ni ile makarani wa serikali waliyopewa wakapeleka wake zao kusalimia wazazi. Mwanamke wa mkeka hakuwahi kuipata. Kapita alisema, “Oui, monsieur. Parfaitement, monsieur,” kisha akatugeukia na uso ambao hatukuwahi kuuona.

“Bamama! Uhuru imefika kwenu! Bwana anasema masini itafanya kazi, ninyi muende konje!”

“Konje ya kurudia lini?” Feza akauliza.

“Konje ni konje! Muzungu anaendaka na anarudiaka. Ninyi pia vile vile. Muende mupumuzike, mwezi ikiisha murudie kazi.”

Halafu Kapita akacheza. Mtu wa visigino na kalamu, alinyanyua mikono akacheza katikati ya karakana, kofia ikaanguka, wanaume wakapiga ubao wa mashine kwa viganja, nasi tukapiga vigelegele mpaka Mzungu akachungulia mlangoni na kurudi ndani. Kapita akatugawia vipande vya kaki kutoka kapuni tuwashonee watoto nguo za safari.

Nilikwenda kwetu Runingu. Mtu ambaye hajarudi kijijini kwao akiwa konje hawezi kujua. Mama yangu alichinja kuku. Majirani walikuja kutazama, na mama akawaambia, “Mutoto wangu Bazungu bamemupa konje,” akilitamka neno lile polepole kama mtu anayeonja chumvi. Ulikuwa wakati wa pamba. Watu waliinama mashambani tangu asubuhi, na mimi nilikaa kwenye kiti, kile kiti, mbele ya nyumba. Dada yangu aliponiletea jembe nilimwambia, “Minye niko konje.” Akalirudisha jembe kwa heshima. Kanisani mama alitoa shukrani mbele ya watu wote. Hata sasa nikisikia pamba zinavunwa, shingo yangu inawaka moto.

Mwezi ulipoisha tulirudi wote, tumesuka nywele, na wengine tumebeba mihogo na samaki wa kumpa Kapita. Tulisikia moteri kabla ya kufika. Ndani, kijana mmoja wa kiume alikuwa akisukuma makoti chini ya mashine, na mahali pa mikeka palikuwa pamepakwa saruji. Mzungu alitushangaa. Alisema maneno, akapunga mkono kama mtu anayefukuza kuku kwenye nafaka, na safari hii hakuna aliyehitaji mkalimani. Karani mmoja aliyekuwa amekuja kuchukua sare akatueleza kwa upole, na upole wake uliuma zaidi. Alisema kwamba katika Kifaransa, mwenye kazi akimpa mfanyakazi konje, maana yake inaweza kuwa amempumzisha, na inaweza kuwa amemfukuza. Ni neno lilelile.

Kapita alitoka akasimama mlangoni. Hakukohoa.

“Kapita,” Feza akamwuliza, “weye ulijua?”

Alitutazama, mmoja mmoja, na mihogo yetu. Alishika kalamu yake mfukoni. Wanaume wa mashine walikuwa wameacha kukanyaga ili wasikie.

“Nilijua,” akasema. “Minye nasikia Kifaransa kupita ninyi bote. Nilijua.”

Feza alitema mate kwenye viatu vyake. Kapita hakuvifuta.

Tangu siku hiyo tulikuwa na hadithi, na hadithi hiyo ilituridhisha: Kapita alituuza, tena akacheza juu yetu. Kule kucheza ndiko kulikotuchoma. Tungemsamehe mtu aliyetufukuza kwa uso mzito. Neno konje halikutamkwa tena nyumbani kwangu. Shule zikifungwa, watoto walijua kusema mapumziko. Runingu sikwenda tena mpaka mama alipougua, kwa sababu alikuwa akituma watu kuniuliza kama ile konje yangu nzuri imekwisha au bado inaendelea.

Mashine haikuishia kwetu. Zililetwa nyingine za moteri, mashine za miguu zikauzwa pamoja na viti vyake, na wanaume waliokuwa wakituonea huruma wakatufuata barabarani. Mwishowe walibaki vijana wachache na Kapita. Mashine haihitaji kukoholewa. Haisengenyi, haifichi mtoto kapuni. Kapita akabaki msimamizi wa kitu kisichomsikiliza, akifagia chini yake, kalamu bado mfukoni. Tulipita nje kwa makusudi tumwone na ufagio, tukafurahi.

Mjukuu wangu anayefanya biashara ya nguo ananiambia siku hizi kuna viwanda mbali huko ambako mashine inakata, inashona na kukunja, na mtu anatazama tu kwenye kioo. Ananiuliza kama ninaogopa. Ninamwambia mashine haikuwahi kuniogopesha. Ninaogopa ile asubuhi ya kutangaziwa, na nani atasimama katikati kutafsiri.

Miaka michache baada ya Uhuru, waasi walioipinga serikali waliposhuka Uvira, Mzungu alivuka ziwa. Mafuta ya moteri yakaisha, na zile mashine zikanyamaza zote kwa pamoja. Komanda wa waasi alitaka nguo kwa watu wake. Kaki ilikuwepo, imekatwa tayari, na hakuna tundu hata moja. Basi Kapita akaja mtaani kwetu Kilibula, nyumba kwa nyumba, na mpiganaji nyuma yake. Mlangoni kwangu alikohoa.

“Mama, mikono yenu haikunywaka mafuta,” akasema, akiangalia chini. “Mukuje.”

Hatukuwa na njia ya kukataa. Tukarudi kukaa pale pale, sasa juu ya saruji. Ukisikia kwamba mikono ya watu ilishinda mashine, usiamini. Tulishona tukiwa na hofu, na hatukulipwa hata asante.

Siku zile waasi waliwatafuta waliokula na Wazungu, hasa wenye kalamu na Kifaransa. Walichukuliwa kuelekea ziwani, na hawakurudi. Watu walizika madaftari, walivunja miwani. Kapita hakuitoa kalamu. Mpiganaji mmoja akaiona, akaichomoa, akamvuta Kapita mbele ya komanda, sote tukitazama.

“Weye ulikuwa musimamizi ya Muzungu. Unajua Kifaransa?”

Alihitaji kusema hapana tu. Mtoto angesema hapana. Kapita alisimama wima, visigino pamoja, na kimya chake kilirefuka. Nilimchukia mtu huyu kwa miaka, lakini nililiona kapu la vipande pale pembeni, na nikakumbuka dawa aliyoinywa. Nikasikia sauti yangu inacheka.

“Huyu? Kifaransa? Komanda, bamekudanganya! Huyu hajue hata moja. Muzungu alisema bafungue dirisha, yeye anatuambia tufagie! Njiani anaambia mbuzi bonjour!”

Feza alinitazama, akaelewa, akainuka. Alibana visigino, akatoa tumbo mbele: “Wii misiye, parafetima misiye!” Karakana yote ikalipuka. Wapiganaji walicheka wakiegemea bunduki, komanda akafuta machozi. Alivunja kalamu, akatupa vipande, akamwambia Kapita aende akafagie.

Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Uongo wangu ulikuwa umemwokoa mtu. Lakini Kapita alinipa jicho ambalo hakumpa hata yule aliyemshika shingo, na nikasema moyoni, ona asivyo na shukrani.

Miaka ikapita. Serikali ilirudi, waasi wakapanda milimani, karakana ikawa ghala la chumvi. Mimi nilibaki Kilibula nikishona viraka na matundu ya watu wa mtaani. Adhuhuri moja nilisikia kikohozi nje, na safari hii kilikuwa cha kweli, kile kinachotoka chini kabisa. Alikuwa amekonda mpaka kofia ilimkalia masikioni. Alibeba koti la kaki, moja ya yale ya mwisho ya karakana. Matundu yake yalikuwa ya mashine, na uzi ulikuwa umefumuka wote.

“Macho imekufa,” akasema. “Ningeshona minye mwenyewe.”

Nilimpa kiti. Nikakaa mkekani, nikalowesha uzi kwa mate, nikaanza. Aliuliza habari za Feza, nikamwambia amehamia Runingu. Aliuliza habari za yule mtoto wa kapuni, nikamwambia anasoma. Nilipokuwa kwenye tundu la mwisho akasema bila kunitazama:

“Mama, siku ile, mbele ya komanda. Nani alikuambiaka?”

“Kuniambia nini, Kapita?”

“Kama sijue Kifaransa.”

Sindano ilisimama kidoleni mwangu. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimedanganya, nilichukua kitu chochote kilichokuja mdomoni. Nikayaona madirisha aliyofungua Mzungu mwenyewe. Nikamwona Kapita akicheza, kofia chini, akicheza kwa furaha yetu kwa sababu alidhani tumepata kitu ambacho hata yeye hajawahi kupata. Na mlangoni, Feza alipomwuliza, alikuwa na majibu mawili mfukoni, jibu la mtu mbaya na jibu la mtu asiyejua. Alichagua kuwa mbaya. Alilibeba hilo miaka yote, mate ya Feza juu ya viatu, ili kile kingine, kutojua Kifaransa, kisijulikane. Kisha mimi nikasimama nikakitangaza kwa kicheko mbele ya watu wote.

Niliona aibu mpaka macho yakauma. Nilitaka kumwomba radhi, lakini radhi ingemwonyesha kwamba sasa ndipo nimejua.

“Hakuna muntu aliniambia,” nikasema. “Nilibadanganya bakuache. Kifaransa yako, Kapita, siye bote tuliijua.”

Alinitazama kwa muda mrefu, akitafuta kitu usoni kwangu kwa macho yale yaliyokufa.

“Parfaitement,” akasema taratibu.

Nikakata uzi. Alivaa koti, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, akipapasa kila tundu kwa kidole gumba. “Hii butoni haipite na kaka yake,” akasema. Akainuka, akafika mlangoni, akavua kofia. Ile kofia ya Mzungu na ya maiti, aliivua kwangu.

“Basi mama, nipe konje niende. Jua iko inaenda.”

Neno lile halikuwa limetamkwa nyumbani kwangu tangu siku ya mihogo. Nililisikia likiingia, na sikulifukuza.

“Uende konje, Kapita,” nikamwambia. “Halafu urudie kazi.”